Mchezo wa Kuficha na Kutafuta Vikasha Mlimani

Somo hili limechapwa kama lilivyosemwa katika redio. Lisome polepole, peke yako au pamoja na wenzako wa darasa. Mwisho wa somo yako maneno ya kukumbuka, maswali ya kuzungumza, na kazi ya kuandika.

Kaeni vizuri, chukueni daftari na kalamu.

Huenda umekwisha kuliona jambo hili. Mgeni anapita katika njia ya kijiji, huko Marangu, au Materuni, au Uru. Mkononi ana simu. Anaitazama, anakwenda hatua tatu, anarudi mbili. Anainama penye ukuta wa mawe, anapenyeza mkono, anatoa kopo dogo. Anaandika kitu, analirudisha kopo, kisha anakwenda zake. Wewe uliyesimama mgombani unajiuliza: Mtu huyu anatafuta nini? Je, ni mwizi? Ni mchawi? Ama anatafuta mali inayosemwa ilifukiwa na Wajerumani?

Mtu huyo si mwizi wala si mchawi. Anacheza mchezo uitwao jiokashingi, yaani mchezo wa kuficha na kutafuta vikasha. Duniani leo viko vikasha zaidi ya milioni 3. Wageni wengi wanaokuja kuuona mlima wetu wanaujua mchezo huu, na vijana wetu wenye simu wanaweza kuucheza pia. Lakini mchezo huu huchezwa juu ya ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Kwa hiyo leo tutajifunza adabu ya kutafuta, sheria za kuficha, na namna ya kupanga safari ya kutafuta.

MCHEZO ULIVYOANZA

Juu sana angani ziko setilaiti, nazo hutuma habari kwa njia ya mawimbi. Simu yako ikipokea habari hizo, hupiga hesabu na kukuambia mahali ulipo. Chombo hiki huitwa GPS. Setilaiti hizo ni za serikali ya Marekani. Zamani Wamarekani walikuwa wakiharibu kidogo habari hizo makusudi, ili watu wa kawaida wasipate mahali kamili. Ungeweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uharibifu huo ulikoma.

Kesho yake, tarehe 3 Mei 2000, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo, akatia ndani vitu kadha wa kadha na daftari, akaificha msituni katika jimbo la Oregon. Kisha akawatangazia watu namba za mahali pale kwa njia ya intaneti. Haukupita muda, watu wakaiona. Sharti lake lilikuwa fupi: ukichukua kitu, acha kitu, na uandike katika daftari. Sharti hilo ndilo shina la mchezo mpaka leo.

Hata kabla ya setilaiti watu walicheza mchezo wa namna hii. Mwaka 1854, huko Dartmoor, Uingereza, mwongozaji wa wageni James Perrott aliweka chupa mahali pa mbali penye majimaji, ili wageni waliofika waache kadi zao humo. Angalia, aliyeanza alikuwa mwongozaji wa wageni, kama vijana wetu wengi wa Moshi.

KUSOMA NAMBA ZA MAHALI

Kila mahali duniani pana namba zake mbili. Namba ya kwanza huonyesha umbali kutoka ikweta, kwenda kaskazini au kusini. Namba ya pili huonyesha umbali wa kwenda mashariki au magharibi, ukianza kuhesabu Greenwich, Uingereza. Umbali huo hupimwa kwa nyuzi, na kila uzi mmoja umegawanywa katika dakika 60. Dakika hizi si za saa, ni za kupimia ardhi.

Mji wa Moshi uko karibu na nyuzi 3 na dakika 21 kusini, na nyuzi 37 na dakika 20 mashariki. Kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895, kiko nyuzi 3 na dakika 4.5 kusini, na nyuzi 37 na dakika 21.2 mashariki. Sasa tufanye hesabu. Toa 4.5 katika 21. Jibu ni dakika 16.5. Dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ni karibu mita 1,850. Basi zidisha 16.5 kwa 1,850. Utapata mita 30,525, yaani kilomita 30 na nusu. Huo ndio umbali kutoka mjini mpaka kileleni kwa ndege arukaye moja kwa moja.

Hesabu hii inatufundisha jambo. Ukikosea kuandika dakika moja tu, utafika karibu kilomita 2 mbali na kikasha. Utasimama katika shamba la mtu asiyejua lolote juu ya mchezo wako. Kwa hiyo nakili namba zako, kisha zisome tena, tarakimu moja baada ya moja.

Jambo jingine: hata GPS iliyo nzuri hukosea kwa mita chache, na penye miti mirefu au bondeni hukosea zaidi. Ukifika karibu, weka simu mfukoni, tumia macho. Usifumue ukuta wa mawe wala kung'oa majani kwa sababu simu imesema "hapa". Kikasha kilichofichwa vizuri hupatikana bila kuharibu kitu.

ADABU YA MTAFUTAJI

Katika miteremko ya Kilimanjaro hakuna pori tupu kati ya nyumba na nyumba. Unapita kihamba baada ya kihamba. Kila kihamba kina migomba, kahawa, ng'ombe zizini, na makaburi ya wazee. Mgeni aweza kudhani ni msitu. Mwenyeji anajua kuwa ni nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ni hodi. Sikiliza mazungumzo haya. Kijana mwongozaji yuko na mgeni wake, nao wamefika mlangoni pa bibi mmoja.

KIJANA: Hodi! Hodi hapa!

BIBI: Karibuni.

KIJANA: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Mnatoka wapi?

KIJANA: Tunatoka mjini, bibi. Mgeni wangu huyu anatafuta kikasha cha mchezo. Namba zake zinaonyesha kiko karibu na mfereji. Tunaomba ruhusa tupite ukingoni.

BIBI: Nakijua. Kiko upande wa njia, si upande wa migomba yangu. Aliyekiweka alikuja kwanza akaniomba. Piteni, ila msikanyage maharage yangu.

KIJANA: Ahsante, bibi. Tukimaliza tutakuja kukuaga.

Mazungumzo hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Lakini bibi amejua ni nani walio shambani mwake, na mgeni hatafukuzwa na mbwa. Na kama bibi angesema, "Leo hapana, tuna msiba," wangerudi bila ubishi. Kikasha kitakuwapo siku nyingine.

Adabu ya pili ni juu ya isale. Mwenyeji anaujua mmea huu, lakini mgeni ni lazima aambiwe. Kwa Wachagga isale huonyesha mpaka wa kihamba, hupandwa penye makaburi, na jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Mgeni akiona ua wa masale huona majani tu, mahali pazuri pa kufichia kopo. Asiguse. Kung'oa isale la mpakani kwaweza kuzusha kesi kati ya ndugu, na kupekua masale ya makaburini ni kuwadharau waliolala pale.

Adabu ya tatu ni juu ya maji. Mifereji yetu, tuiitayo mifongo, ilichimbwa na wazee tangu kale, nayo ina zamu zake na wasimamizi wake. Usisogeze jiwe wala kipande cha mti penye mfereji. Huenda hilo jiwe ndilo linalogeuza maji kwenda kwa jirani.

Adabu ya nne ni juu ya kikasha chenyewe. Ukikipata, fungua, andika jina lako na tarehe katika daftari. Ukichukua kitu, acha kitu chenye thamani iyo hiyo au zaidi. Funga vizuri maji yasiingie. Rudisha pale pale, vile vile ulivyokikuta. Usikipeleke mahali unapoona ni pazuri zaidi, maana si chako. Ukikikosa, andika kwa kweli katika intaneti kwamba umekikosa, mwenyewe apate kwenda kukikagua. Wala usiwatangazie wengine kimefichwa wapi hasa, ukawanyima furaha ya kutafuta.

Adabu ya tano ni juu ya watoto. Watoto watakufuata kwa udadisi. Usiwatume kupenya vichakani wala kupanda miti, na usiwape fedha ili wakutafutie. Ukifanya hivyo, kikasha hakitakaa juma moja, nao watakuwa wamejifunza kuomba.

SHERIA ZA KUFICHA

Mtu anayetaka kuficha kikasha hafichi tu na kwenda zake. Kwanza hupeleka maelezo na namba kwa wakaguzi wa kujitolea, nao huyasoma kabla mahali hapo hapajatangazwa. Haya ndiyo wanayoyatazama.

Kwanza, ruhusa. Ni lazima mwenye ardhi akubali. Katika kijiji, umwone mwenye kihamba, kisha umjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Ni vyema pia kuwa na karatasi yenye jina na sahihi, maana neno la mdomo husahauliwa.

Pili, umbali. Kati ya kikasha na kikasha kuwe na mita 161 au zaidi. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya maili.

Tatu, kutoharibu. Usichimbe shimo. Usipige misumari katika mti. Usivunje mwamba wala ukuta.

Nne, vitu vya ndani. Usitie chakula, kwa maana tumbili na panya watakitafuna kikasha chote. Usitie pombe, dawa, kiberiti, kisu, wala risasi. Tia daftari, kalamu ya risasi, na vitu vidogo visivyooza. Kumbuka pia kwamba tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Tumia chombo kigumu chenye kifuniko cha kubana.

Tano, mahali pa hatari. Usifiche kando ya reli, chini ya daraja, penye mitambo ya umeme, shuleni, au karibu na kituo cha polisi. Mtu anayepekua mahali kama hapo hufikiriwa mabaya, na si kosa la anayemfikiria. Mwezi wa Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, askari walilipua kopo lililoonekana karibu na mkahawa. Walidhani ni bomu. Lilikuwa kikasha cha mchezo. Sisi huku hatuwezi kuucheka woga huo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliua watu Dar es Salaam na Nairobi kwa siku moja. Kwa hiyo kikasha kiandikwe kwa nje, kwa herufi kubwa za Kiswahili, kwamba ni cha mchezo. Na wewe ukiona kopo au furushi lisilo na maandishi mahali pasipofaa, usiliguse. Mwite polisi.

Sita, matunzo. Sheria hii ndiyo inayotuhusu sana. Anayeficha kikasha ni lazima aweze kurudi kukitunza: kukausha daftari, kubadili kifuniko, kujibu malalamiko. Mgeni aliyekuja kwa siku saba kisha akarudi Ujerumani hawezi. Kwa sababu hiyo vikasha vya wasafiri havikubaliwi, isipokuwa yuko mwenyeji aliyekubali kuwa mlezi.

UKIOMBWA KUWA MLEZI

Siku moja mgeni aweza kukuambia, "Rafiki, nitunzie kikasha changu." Usikubali kwa haya. Uliza kwanza: Kiko katika ardhi ya nani? Nani ametoa ruhusa? Nitakikagua mara ngapi kwa mwaka? Kikileta ugomvi, nina haki ya kukiondoa? Jibu la swali la mwisho liwe ndiyo. Mgeni atakuwa mbali. Ni wewe utakayekutana na jirani njiani kila siku.

Ukiona mzigo ni mkubwa, sema, "Ahsante, sitaweza." Hilo nalo ni jibu la heshima. Kopo lililoachwa bila mlezi litapasuka mvua ya masika, na baada ya hapo ni taka kama taka nyingine.

NDANI YA HIFADHI YA MLIMA

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa mlima uliongezwa ndani yake. Hifadhi hiyo inasimamiwa na TANAPA. Hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, na haifai kuacha kitu chochote njiani bila ruhusa. Basi mtu asifiche kopo Mandara, wala Horombo, wala penye mawe ya Kibo.

Je, mchezo umekwisha hapo? La. Iko namna nyingine isiyo na kopo. Mchezaji hupewa namba za mahali na maswali juu ya ardhi yenyewe. Huenda pale, hutazama, hupima kwa macho, kisha hupeleka majibu. Hakuna kinachoachwa, hakuna kinachochukuliwa. Mlima wetu unafaa sana kwa namna hii. Aweza kuulizwa: Jiwe hili jeusi lenye vitundu lilitoka wapi? Mbona miti imekoma hapa? Barafu imefikia wapi? Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imepungua kwa kadiri ya asilimia 85. Mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake amepata hazina kubwa kuliko kopo.

KUPANGA SAFARI

Kwanza, chagua majira. Masika huanza Machi mpaka Mei, na vuli huja kuanzia Oktoba au Novemba. Wakati huo njia za udongo huteleza, na mito huweza kujaa ghafula. Januari na Februari, na tena Juni mpaka Septemba, ni afadhali.

Pili, soma ardhi, usisome simu peke yake. Simu hutoa umbali ulionyooka. Yaweza kusema, "Kikasha kiko mita 300." Lakini kati yako na kikasha liko korongo la mto Karanga au Weruweru, na njia ya kuzunguka ni saa nzima. Uliza wenyeji njia iko wapi. Usishuke korongoni kwa sababu mshale umeelekea huko.

Tatu, jua mipaka. Ziwa Chala, kule Rombo, liko ndani ya shimo la volkano, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita humo. Kikasha kilicho ng'ambo kiko nchi nyingine. Kukifuata ni kupita kituo cha mpakani na hati zako, si kuzunguka ukingoni.

Nne, angalia saa. Huku kwetu jua huzama karibu na saa 12 na nusu jioni, na giza huingia upesi. Panga uwe umerudi njia kubwa saa 11. Mweleze mtu unakokwenda na saa ya kurudi.

Tano, jitayarishe kabla ya kuondoka. Nakili namba katika karatasi. Pakua ramani ungali na mtandao. Jaza betri ya simu, na ukumbuke kwamba baridi ya juu huimaliza upesi. Chukua maji, kofia, na mfuko wa kutilia taka. Wachezaji wengi wana desturi ya kuokota taka njiani wanapotafuta. Desturi hiyo ni njema. Kijiji kitakachokuona unaondoka na taka kitakukaribisha tena.

JINA LAKO KATIKA DAFTARI

Mwanafunzi mwenzangu, labda unasema, "Mchezo huu ni wa wenye fedha na simu kubwa." Tazama tena. Unachohitaji ni kusoma namba, kusoma maelezo mafupi, kuandika tarehe, na kuandika jina lako. Mambo hayo yote umejifunza darasani. Wengi wetu tulizoea kutia dole gumba penye karatasi. Katika daftari la kikasha hakuna mahali pa dole gumba. Ni jina tu. Na likiandikwa na mtu wa Uru, chini ya jina la mtu wa Uholanzi, yote mawili yana ukubwa mmoja.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kikasha: chombo kidogo kilichofichwa, chenye daftari ndani.
Mlezi: mwenyeji aliyekubali kukitunza kikasha.
Mkaguzi: mtu anayesoma maelezo ya kikasha kabla hakijatangazwa.
Uzi na dakika: vipimo vya kuonyesha mahali duniani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mgeni akiomba kuficha kikasha katika kihamba chako, utamwuliza nini?
2. Taja mahali patatu katika kijiji chenu pasipofaa kufichwa kitu. Kwa nini hapafai?
3. Umekuta kopo lililopasuka chini ya mti. Ndani mna daftari lililolowa. Utafanya nini?
4. Mahali pawili viko mbali kwa dakika 3, mmoja kaskazini ya mwingine. Ni kilomita ngapi hivi?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua ya mistari mitano kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukimjulisha kwamba mwenye ardhi amekubali kikasha kiwekwe kwake. Taja mahali, jina la mlezi, na siku ya kukikagua. Tia tarehe na sahihi yako.